Maji Yanayofurika Mathare Yanatoka Wapi?

Mita ngapi? Tangu mvua za masika za 2024, hilo ndilo swali lililoteka mazungumzo kuhusu mafuriko jijini Nairobi. Nyumba ikae mita ngapi kutoka mtoni ndipo iwe salama? Mita ngapi ndipo iwe halali? Tingatinga likija, litasimama umbali gani kutoka ukingoni? Mvua zile ziliua karibu watu 300 nchini kote. Mapema Mei serikali iliwaamuru waliokaa kandokando ya mito wahame, wengine wakipewa saa 24 tu, na muda si muda nyumba za mabati zikaanza kubomolewa katika mitaa ya mabanda ya Mathare na Mukuru.

Swali la mita ni la haki, na nitalifikia. Lakini limefunika swali lililo kubwa zaidi: maji yale yalitoka wapi, na kwa nini yalifika yote kwa pamoja? Ukingoni mwa mto ndiko mafuriko yanakoishia. Yanakoanzia ni mbali na hapo, juu ya mapaa na kwenye maegesho ya magari ya mitaa ambayo wapiga picha wa habari hawana haja ya kuifikia mvua inaponyesha.

Jiji lililoinamia mashariki

Upande wa Karen, Dagoretti na Kabete uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Ukishuka hadi Ruai umefika karibu mita 1,500. Mito yote hufuata mwinamo huo. Mto Nairobi huanzia kwenye kinamasi cha Ondiri, karibu na mji wa Kikuyu, ukapita Chiromo, pembeni mwa katikati ya jiji, hadi Gikomba. Kirichwa Kubwa na Kirichwa Ndogo hukusanya maji ya Kilimani, Kileleshwa na Lavington na kuyamwaga humo. Mto Mathare hushuka kutoka upande wa Westlands, Parklands na Muthaiga. Mto Ngong, ambao huko juu huitwa Motoine, hupita kando ya Kibera, ukaingia Bwawa la Nairobi, kisha eneo la viwanda na Mukuru. Baada ya Korogocho, Dandora na Njiru, yote huwa mto mmoja. Mto huo huungana na Athi, na mwisho wa safari huitwa Sabaki unapoingia baharini kaskazini mwa Malindi.

Chini ya jiji hili kuna udongo wa aina mbili, na tofauti yake ni ya kuzingatiwa sana. Magharibi na kaskazini kuna udongo mwekundu wa volkano, wenye kina kirefu, unaomeza maji vizuri. Mashariki na kusini kuna ule udongo mweusi wa mfinyanzi unaong'ang'ania viatu. Ukiwa mkavu hupasuka nyufa. Ukilowa huvimba, nyufa zikafunga, na baada ya hapo maji hayapenyi tena. Hukaa juu au hutafuta pa kukimbilia.

Sasa linganisha ramani ya udongo na ramani ya nani aliruhusiwa kuishi wapi. Reli ilifika hapa Mei 1899, na mji ukazuka kwenye uwanda wenye majimaji kwa sababu palikuwa tambarare na pazuri kwa karakana za treni. Katika miaka ya mwanzo madaktari wa serikali ya kikoloni walilalamika kwamba mji haukauki, wakataka uhamishwe. Haukuhamishwa. Waliokuwa na uwezo ndio waliohama, wakapanda milimani. Wazungu walichukua udongo mwekundu wa magharibi na kaskazini, Wahindi wakapewa maeneo ya kati kama Ngara na Parklands, na Waafrika wakapangiwa Pumwani na Eastlands, kule chini kwenye udongo mweusi. Mpango mkuu wa jiji wa 1948 uliukuta mgawanyo huo ukiwa tayari, ukajenga juu yake. Baada ya Uhuru sheria za ubaguzi ziliondoka, lakini bei ya ardhi iliendelea na kazi ile ile. Mtu mwenye kipato kidogo alipata nafasi pale ambapo hakuna aliyepagombania: bondeni, kwenye kinamasi, kando ya mto.

Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaosema kwamba wakazi wa bondeni walijitakia. Jiji hili lina watu zaidi ya milioni 4.3 kwa hesabu ya 2019, na kwa miongo mingi halikujenga nyumba ambazo kibarua wa eneo la viwanda angeweza kuzilipia. Alijenga, au akapanga, karibu na kazi yake. Pale Mukuru ndipo kazi ilipokuwa.

Nusu ekari ya Kilimani

Hapa nitakaa kidogo, maana ndiyo kiini cha jambo lote.

Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba huleta lita 1 ya maji. Hesabu hiyo haina ugumu, lakini matokeo yake yanashtua. Chukua ploti ya nusu ekari, karibu mita za mraba 2,000, kama zile za zamani za Kilimani na Kileleshwa. Jioni moja ya masika ikishusha milimita 50, ploti hiyo moja imepokea lita 100,000. Ni maji ya malori kumi, yale ya kuuza maji ya lita 10,000.

Miaka 30 iliyopita kwenye ploti hiyo kulikuwa na nyumba moja ya chini, uwa wa michongoma, miti ya matunda na nyasi. Udongo mwekundu ulifanya kazi ya sifongo: sehemu kubwa ya maji ilizama, ikateremka polepole chini ya ardhi, na baada ya siku au majuma ikatokea mtoni kama chemchemi. Leo pale pale kuna fleti za ghorofa 15, maegesho ya chini kwa chini, na uwanja wote umetandazwa kabro, yale matofali ya saruji ya kutandika chini, mpaka ukutani. Paa na kabro havinywi kitu. Kati ya lita zile 100,000, zaidi ya 80,000 hutoka getini ndani ya muda mfupi, zikaingia kwenye mtaro wa barabara uliochimbwa wakati barabara hiyo ilikuwa na nyumba kumi tu.

Zidisha kwa kila ploti ya Kilimani, Kileleshwa, Lavington, Westlands na Parklands iliyobadilishwa hivyo. Kisha ongeza barabara zilizopanuliwa, vituo vya maduka na maegesho yake. Wingi wa maji ni nusu ya tatizo, na nusu ya pili ni wakati. Zamani maji ya milimani yalifika bondeni kwa zamu, haya leo, yale kesho. Siku hizi yote hufika kwa wakati mmoja. Mto uliokuwa ukipanda taratibu na kukupa muda wa kuhamisha godoro na watoto, sasa unapanda ghafla usiku, wakati mwingine huku bondeni kwenyewe kukiwa na manyunyu tu. Watu wanakufa kwa sababu ya kasi hiyo kuliko kwa sababu ya kina.

Na mwenye fleti hajavunja sheria yoyote kwa kupeleka maji yake barabarani. Amepewa kibali cha ujenzi, amelipa ada, ana cheti cha mazingira. Hakuna aliyemuuliza: maji haya yatakwenda kwa nani?

Na mabadiliko ya tabianchi?

Yamo, lakini si kwa kiwango kile kile kila msimu, na ni vizuri tuwe waangalifu tusije tukayafanya kisingizio. Wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution walichunguza misimu miwili iliyofuatana. Kuhusu vuli ya 2023, waligundua kwamba joto la dunia liliongeza sana ukali wa mvua, hadi mara mbili, na kwamba tofauti ya joto kati ya magharibi na mashariki ya Bahari ya Hindi nayo ilichangia vivyo hivyo. Kuhusu masika ya 2024, msimu uliobomoa Mathare, mchango walioupata ulikuwa mdogo, kama asilimia 5, na hawakuona mkono wa El Niño. Walisisitiza kwamba ukubwa wa maafa ulitokana sana na jinsi miji ya Afrika Mashariki inavyokua bila mipango.

Kwa maneno mengine, mvua ile haikuwa ya ajabu kiasi tulivyoaminishwa. Nairobi imewahi kupata mvua kubwa 1961, na tena 1997 na 1998. Kilichobadilika zaidi ni ardhi inayoipokea.

Takataka pia hutajwa haraka, hasa na viongozi. Ni kweli huziba makalvati. Lakini mtaro mwembamba hufurika hata ukiwa safi, na kumlaumu mkazi wa Korogocho kwa kutupa taka mtoni, wakati lori la taka haliwezi kuingia uchochoroni kwake na jalala la Dandora, lililofunguliwa 1975 na kutangazwa kujaa 2001, bado linapokea mizigo kandokando ya Mto Nairobi, ni kumwonea.

Baada ya maji kushuka kuna lingine lisiloonekana kwenye picha. Vyoo vya shimo hufurika pamoja na mto, na mabomba ya maji safi yaliyopitishwa ndani ya mitaro huvuta uchafu kila presha inaposhuka. Kipindupindu na homa ya matumbo hufuata, na zahanati iliyo karibu huenda nayo ilikuwa ndani ya maji.

Sasa, mita ngapi?

Jibu la ukweli ni kwamba sheria za Kenya zimejibu swali hili kwa namna tofauti. Kanuni za zamani chini ya Sheria ya Kilimo zilianzia mita 2 na kuishia 30. Kanuni za mipango ya ardhi zilitaja mita 10. Kanuni za rasilimali za maji za 2007 zilifuata upana wa mto wenyewe, isipungue mita 6 wala kuzidi 30. Za mazingira za 2006 nazo zilisema 6 hadi 30. Mtu aliyetaka kujenga aliweza kuchagua sheria inayompendeza, na afisa aliyetaka kubomoa vilevile.

Ila namba ni jambo dogo ukilinganisha na mahali pa kuanzia kupima. Kanuni hizo za maji zilianzia ukingo wa juu wa mto, na zile za mazingira zilianzia pale maji yaliwahi kufika katika mafuriko makubwa kabisa yaliyorekodiwa. Kwenye korongo lenye kuta ndefu tofauti hiyo ni hatua chache. Kwenye tambarare ya Mukuru, ambapo maji yakifurika hutandaa, inaweza kumeza vijiji vizima. Kwa hiyo agizo la mita 30 linalotolewa jijini kote bila kueleza zinaanzia wapi halina maana moja. Mahali fulani litawaacha watu hatarini, mahali pengine litawahamisha waliokuwa salama.

Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inasema mito ni ardhi ya umma. Hilo halina ubishi. Ubishi unaanza kwa watu waliokwisha kuwa hapo. Wapo wenye hati miliki na vibali halali vya kujenga kando ya mto. Agosti 2018 serikali ilibomoa majengo makubwa ya biashara, likiwemo Ukay Centre kule Westlands na South End karibu na Barabara ya Lang'ata, na wengi walishangilia kuona kwamba sheria inawafikia na matajiri. Nilielewa furaha hiyo. Hata hivyo kazi ile ilififia, na vibali vya kujenga fleti mpya milimani viliendelea kutolewa kama kawaida.

Wapangaji wa mabanda hawana hati ya kuonyesha, lakini hawako bila haki. Sheria ya Ardhi inataka notisi ya miezi mitatu kabla ya kumwondoa mtu. Januari 2021 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Mitu-Bell iliyotokana na kubomolewa kwa kijiji cha Mitumba karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson, iliamua kwamba hata aliyekaa kwenye ardhi ya umma bila hati ana haki ya makazi ambayo serikali haiwezi kuipuuza. Ikilinganishwa na hayo, saa 24 za Mei 2024 zinatia uchungu. Rais William Ruto alipofika Mathare mwezi huo aliahidi shilingi 10,000 kwa kila familia iliyobomolewa. Fedha hizo ni kodi ya miezi michache ya chumba kimoja. Hazirudishi kibanda cha mama mboga, mashine ya fundi cherehani, wala muhula wa shule.

Nasema haya nikijua kwamba kuna mahali ambapo nyumba haiwezi kubaki. Jengo la Huruma lililoporomoka usiku wa mvua Aprili 2016, likaua karibu watu 50, lilikuwa kando ya mto. Kumwacha mtu alale ukingoni kama pale si kumtetea. Lakini kumhamisha mtu kwa usalama wake ni kazi yenye hatua zake: kumtafutia pa kwenda kwanza, karibu na riziki yake, kisha kubomoa. Ukigeuza mpangilio huo, atarudi ukingoni kabla masika mengine hayajafika, maana kodi ya kwingine haiwezi.

Mtaro ni wa nani?

Barabara kuu ziko chini ya KeNHA, mamlaka ya kitaifa ya barabara kuu. Barabara kubwa za mjini ni za KURA, mamlaka ya barabara za mijini. Za mitaani ni za Kaunti. Kila mmoja huchimba mtaro wa barabara yake na kuuishia pale mpaka wake unapoishia. Majitaka ni ya Kampuni ya Maji na Majitaka ya Nairobi, mto ni wa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, uchafuzi ni wa NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira. Jedwali la Nne la Katiba linaikabidhi Kaunti kazi ya kusimamia maji ya mvua katika maeneo ya makazi, kwa hiyo mwenye jukumu yupo. Asichokuwa nacho ni uwezo wa kumlazimisha mjenzi wa barabara kuu abadilishe kalvati lake, wala, nionavyo mimi, ari ya kumlazimisha mwenye fleti abaki na maji yake.

Ari hiyo ndiyo ingebadilisha mambo, na vifaa vyake ni vya kawaida. Tangi la chini ya maegesho linalopokea maji ya paa na kuyaachilia kwa bomba jembamba kwa saa kadhaa. Kabro yenye matundu yanayopitisha maji. Sehemu ya ploti inayobaki udongo mtupu kwa lazima ya kibali. Mhandisi yeyote wa majengo jijini anajua kuvichora hivi.

Kinachouma zaidi ni kwamba jiji hili hili lina kiu. Kaunti ya Nairobi ina kilomita za mraba 696, na kwa wastani hupata mvua ya kama milimita 900 kwa mwaka. Zidisha: ni zaidi ya mita za ujazo milioni 600. Bwawa la Ndakaini, tegemeo letu kuu la maji ya mfereji, hubeba milioni 70 likijaa. Anga hutushushia karibu Ndakaini tisa kila mwaka. Si yote yanaweza kukingwa, na mengine ni ya miti na ya mito. Lakini mtaa unaopokea maji ya mfereji siku mbili kwa wiki na kuyamwaga ya mvua yakaue watu chini umepanga vibaya mambo yake.

Tunayo mifano yetu wenyewe. Msitu wa Karura, zaidi ya hekta 1,000, uko hapo leo kwa sababu Wangari Maathai na wenzake walipigwa na kuumizwa 1999 wakiuzuia usigawanywe kwa wajenzi. Kila mvua inayozama Karura ni mvua ambayo haikuteremka kwa kishindo. Kule Mukuru, baada ya Kaunti kulitangaza eneo hilo kuwa la mipango maalum 2017, wakazi kupitia Muungano wa Wanavijiji walikaa na wataalamu, wakachora wenyewe barabara, mitaro na mabomba ya majitaka. Walikubaliana wapi patolewe nafasi na nani atasogea. Ni kazi ya polepole, na imekatizwa na ubomoaji mwingine tangu hapo, lakini ilionyesha kwamba watu hukubali kusogea wakihusishwa.

Machi 2025 serikali ilizindua mradi wa shilingi bilioni 50 wa kuufufua Mto Nairobi, kwa kipande cha takriban kilomita 27, wenye mabomba mapya ya majitaka, njia za miguu na nyumba. Majitaka kuondolewa mtoni ni jambo jema lililochelewa mno. Kwa upande wa mafuriko, hata hivyo, kuupamba mto huku chini hakupunguzi lita hata moja inayotoka milimani.

Pa kuanzia ni getini. Kabla ya fleti mpya kujengwa, sheria ya mazingira inadai ripoti ya athari zake, na umma una nafasi ya kutoa maoni. Mara nyingi majirani huuliza kuhusu kivuli, magari na vumbi. Liongezwe swali moja: ikinyesha milimita 50 jioni moja, maji ya ploti hii yatahifadhiwa wapi, na yatatoka kwa kasi gani? Linajibika kwa namba, kabla jiwe la kwanza halijawekwa. Wala si la majirani peke yao. Kifungu cha 70 cha Katiba kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kudai haki ya mazingira safi na salama bila kulazimika kuthibitisha kwamba kuna aliyekwisha kupata hasara au kuumia, kwa hiyo mkazi wa Mathare anaweza kuliuliza swali hilo kuhusu jengo la Westlands.